Mwaka Nilioisaini Hadithi ya Hambaga

Waliomfuta Verna kwenye hambaga yake ni watu wanne, na majina yao ninayo. Wa kwanza ni Rick Tansey, meneja wa matawi mapya, mtu ambaye viatu vyake havikuchafuka hata akisimama jikoni siku nzima. Wa pili ni Pasta Zebedayo, aliyetuombea kila asubuhi kabla ya kutupakia kwenye gari. Wa tatu ni Kamau, kijana Mkenya aliyekuja kusoma chuo, akakodisha ulimi wake. Wa nne ni mimi. Mzee Haskett, yule wa kwenye picha, simhesabu. Alishakufa zamani, na maiti haidanganyi. Wanaodanganya ni wale wanaoishika mkono ikaandika.

Nasema haya kwa sababu Verna amekufa. Yaya Mapendo, yaani dada Mapendo kwa kwetu, niliyeishi naye chumba kimoja mwaka ule, alinitumia sauti kwenye simu, nikaisikiliza kwenye kituo cha basi hapa Buffalo, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu, nikitoka kumwogesha bibi ninayemtunza asubuhi. Mapendo hajui kupunguza makali ya habari. Alisema: "Faida, ule mama Verna alikufaka. Balimuzika juzi, miye nilikwenda. Kwenye karatasi ya kanisa baliandika tu, alipikaka miaka mingi. Njo basi. Alipika!" Akavuta makamasi, akaongeza: "Na chakula ya matanga ilikuwa kuku. Hata mutu moja hakuwaza hambaga." Ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya kituo changu, kuna tawi la kampuni ile. Ndani ya kioo kuna picha ya mzee Haskett ameshika mkate kama mtu aliyeshika Biblia, na chini yake maandishi. Kila asubuhi ananitazama nikingoja basi. Siku ile nilimgeuzia mgongo, na upepo wa ziwani ukanipiga usoni, nikaona heri upepo.

Mambo ya kwetu, baba nani, kijiji gani, tulikimbia lini, nayaacha. Nimeyasema mbele ya meza nyingi mno. Nianzie Louisville, nikiwa na miaka ishirini na nane. Mtoto wangu Riziki nilimwacha kambini Burundi na mdogo wangu, kwa sababu karatasi yake ya kuzaliwa ilikuwa na kosa. Walisema nitangulie, atanifuata. Bon, nikatangulia. Kila nilichofanya mwaka ule, kizuri na kibaya, nilikifanya huku nikimngoja yeye, na mtu akitaka kunihukumu ajue hilo kwanza, kisha anihukumu tu, simzuii.

Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kwenye jiko la tawi la zamani kuliko yote, kule South End, kando ya reli. Kampuni ilikuwa na hambaga moja iliyoifanya ijulikane. Jina lake kwa Kiingereza ni la king'ora cha kiwanda, na sisi Wakongomani tuliiita hivyo hivyo, King'ora. Nyama mbili nyembamba, pembeni zimekauka kama maganda, vitunguu vimezama ndani ya nyama mpaka huwezi kuvitoa, na mchuzi wa njano unaochoma puani. Aliyenifundisha kuipika ni Verna, mama mweusi wa Kimarekani, umri wake umepita sitini, mfupi, mikono mipana kama ya mfyatua matofali. Aliniita "mtoto" tangu siku ya kwanza. Mimi Kiingereza changu kilikuwa maneno kama thelathini, lakini mikono yake ilinitosha. Alikuwa akisimama nyuma yangu, anaweka kiganja chake juu ya changu, anasukuma chini. "Usiikandamize kama unaiogopa," alikuwa akisema. "Imeshakufa. Haiwezi kukufanya kitu." Saa nne asubuhi, kabla wateja hawajajaa, alinikalisha juu ya kreti, ananipa mkate uliobaki na yai, na kikombe cha kahawa yenye maziwa mengi kama ya mgonjwa. Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa pekee Amerika ambapo mtu aliniuliza kama nimekula.

Kampuni ilikuwa na desturi. Huwezi kupewa kofia nyekundu ya mpishi kabla hujasimama mbele ya meneja ukasema historia ya King'ora bila kuangalia kadi. Kadi ilikuwa imeandikwa vizuri, ina picha ya shamba. Mimi shuleni niliishia darasa la pili. Nikamwonyesha Verna kadi, nikatikisa kichwa. Akaisoma, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akasema: "Hii wameandika watu wasiopika. Ngoja nikwambie mimi." Akaniambia, siku baada ya siku, tukikata vitunguu, sentensi moja moja, nami nikairudia mpaka ikakaa. Mapendo, aliyejua Kiingereza kuliko mimi, ndiye aliyenifafanulia maana.

Historia yenyewe ndiyo hii. Haskett alikuwa na chumba kimoja tu cha kuuza kahawa na soseji, kikitazamana na kiwanda cha sigara. Verna alikuwa na miaka kumi na tisa, kazi yake kuosha vyombo. Mchana kiwanda kilipiga king'ora, watu wakatoka mbio kutafuta chakula, na king'ora cha pili kikilia, aliyechelewa mlango ulimfungia nje. Haskett alijaribu kuwauzia hambaga, donge nene kama ngumi. Nje limeungua, ndani bichi, na king'ora cha pili kiliwakuta watu bado wako mstarini. Siku moja ya joto mpishi hakuja. Verna akaambiwa asimame kwenye chuma cha kukaangia. Akaona mstari ni mrefu, nyama ni kidogo, vitunguu ni vingi. Akavikata vitunguu vyembamba kama karatasi, akavimwaga kwenye chuma, akaweka donge dogo juu yake, na juu ya donge akakandamiza pasi ya zamani, ile ya chuma tupu, iliyokuwa inazuia mlango wa nyuma usijifunge. Nyama ikalia, ikaiva kabla mtu hajamaliza kuagiza. Akawapa nyembamba mbili badala ya nene moja, ili mtu asione ameibiwa. Sosi ya nyanya ilikuwa imekwisha, akachanganya haradali na maji ya matango ya siki. Haskett alitoka nyuma akamfokea kwa kunukisha ukumbi vitunguu. Kisha akaona mstari unatembea. Siku ile hakuna mtu aliyefungiwa mlango, na kesho yake wale wafanyakazi walirudi wakisema, tupe ile ya king'ora. Historia ilikuwa inaishia hapo. Verna kila akifika hapo alipiga kisu ubaoni mara moja, kama mtu anayeweka nukta.

Sasa nieleze jambo ambalo Mmarekani hawezi kulielewa, na hata Mkenya aliyekuja na kitabu mkononi hawezi. Sisi tuliotoka kambini, hadithi kwetu si maneno ya kupitisha wakati. Kabla ya kuletwa Amerika unaitwa mbele ya meza, unaulizwa ilikuwaje. Unarudi baada ya miezi, unaulizwa tena, mtu mwingine, meza nyingine, ilikuwaje. Wana karatasi ya mwanzo mbele yao. Jirani yangu Mzee Bahati alisema mara ya kwanza kaka yake aliuawa jioni, mara ya tatu akasema alfajiri. Alikuwa amechoka tu, mtu wa watu. Faili likafungwa, na mpaka leo yuko kule. Donc, basi, kila nyumba ilijifunza. Jioni, baada ya kula, mama anawauliza watoto: tulitoka siku gani? Nani alitangulia kufa? Mto tulivuka wapi? Na mtoto anajibu kama katekisimu. Haikuwa uongo, ilikuwa kweli yetu wenyewe tuliyoikausha kama samaki ili isioze njiani. Tuliamini, na tuliapa, kwamba mtu ana hadithi moja, na akiwa na mbili hana kitu. Mimi niliipokea historia ya King'ora kwa kichwa kile kile. Nilipomaliza kuisema mbele ya meneja wa South End, mzee mmoja mvivu, alicheka, akasema siyo ile ya kadi lakini ni tamu zaidi, akanipa kofia. Nikasaini kwamba nimeisema. Kwangu mimi jambo lilikuwa limefungwa na muhuri.

Mwezi wa tatu Tansey alikuja kutafuta watu wa kwenda kufungua tawi jipya kwenye mji wa Columbus, kule Westerville kwa matajiri. Alitaka wapishi wenye mkono wa South End, na Pasta Zebedayo, aliyekuwa na kanisa huku na huku, alimwahidi kumpa wanawake wa Mungu, wasiochelewa wala kujibu. Tulikwenda saba. Pasta alitukodishia sehemu ya juu ya nyumba aliyokaa yeye mwenyewe mtaa wa Linden, nyumba ya mbao iliyoinama upande mmoja, kama inasikiliza ya jirani. Chumba chetu, mimi na Mapendo na msichana mmoja wa Uvira aliyelia usingizini, kilikuwa na magodoro matatu na dirisha lililopakwa rangi mpaka likagandamana na fremu yake. Tulijaribu kulifungua kwa kijiko, kijiko kikapinda. Pasta alichukua vitambulisho vyetu vyote, akavitia kwenye mkoba wake wa ngozi. "Visipotee," alisema. "Linden kuna wezi." Kutoka pale mpaka Westerville huwezi kwenda kwa miguu, na basi la mji hatukulijua, gari la Pasta lilitupeleka asubuhi na kuturudisha jioni, na siku ya mapumziko lilikuwa na safari zake za injili. Tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo, ya barafu, na Ijumaa King'ora zilizobaki, zimepoa, tunazipasha kwenye sufuria. Nywele zetu, shuka zetu, Biblia zetu, vyote vilinuka vitunguu. Mapendo alisema: "Siku ya kiyama malaika hatatuuliza majina. Atanusa tu." Kama umepewa kazi na mtumishi wa Mungu, kwetu huiachi mpaka yeye akufungulie kwa maombi. Kuondoka bila kuagwa ni laana. Hakuna aliyetufunga kamba. Tulijifunga wenyewe, yeye akashika ncha tu.

Na juu ya yote, faili la Riziki lilikuwa mikononi mwake. Yeye ndiye aliyejaza zile fomu, yeye ndiye aliyepokea barua. Nikimuuliza alisema, "Tunaomba, Faida, tunaomba," na mimi nilitaka kusikia kwamba anaandika.

Siku ya kufungua tawi la Westerville walikuja wakubwa wenye suti, mabaluni, keki yenye umbo la mkate. Tansey akaona jambo zuri la kuonyesha: mkimbizi anaijua historia ya kampuni. Akanisimamisha mbele ya picha mpya ya Haskett, kofia nyekundu kichwani, akapiga makofi ya kunianzishia. Mimi nikaisema. Niliisema ile ninayoijua, na Verna ndani yake, na pasi ya mlangoni, na Haskett akifoka. Mwisho nikapiga kiganja kwenye kaunta mara moja. Mama mmoja mwenye suti akauliza, "Verna ni nani?" Tansey alicheka kwa meno peke yake. Kwenye gari, Mapendo alisema: "Faida, weye umewalisha mufupa." Sikuelewa. Nilikuwa nimefanya vizuri, sikukosea neno.

Habari ikafika Louisville. Verna, ambaye miaka yote alikuwa amenyamaza, akasema kwamba kama mtoto wa kigeni amesimama Columbus akasema mbele yao, na yeye anaweza kusema. Mjukuu wake akamwandikia barua kwa kampuni. Hakuomba kitu kingine chochote. Aliomba jina lake liwekwe chini ya ile picha, maneno mawili tu, na akaandika: kama hamniamini, muulizeni Faida, nilimfundisha mimi.

Chini ya godoro langu kulikuwa na tundu la hewa ya moto, na wakati mashine imezima, maneno ya jikoni kwa Pasta yalipanda kama mvuke. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nasuka nywele za yule msichana wa Uvira, nikamsikia Mama Pasta.

"Lakini ule bibi si njo aliwafundisha?"

"Alifundisha, hakufundisha, hiyo si kazi yetu," Pasta akajibu. Kijiko kiligonga kikombe. "Tansey anafungua Buffalo. Anataka watu ishirini. Ishirini, mama! Anasema kama nyumba yangu iko na kelele, atatafuta mchungaji mwingine."

"Na hao wanawake?"

"Wanawake watasaini. Uniletee sukari."

Nilisikia. Naandika tena ili nisijitetee baadaye: nilisikia. Nilijua anatuuza, na nilijua bei yake ni Buffalo. Nikaendelea kusuka.

Jumapili, baada ya ibada, walikuja sebuleni. Tansey na karatasi saba, Kamau pembeni yake na koti la kuazima. Kamau alitusalimia vizuri, "Shikamoo mama, shikamoo mama," mpaka kwa yule msichana aliyekuwa mdogo kwake. Akasema: "Ni kafomu tu. Hakuna stress. Wanasema hivi: wewe, tangu uanze kazi, ulifundishwa historia ya kadi, na hukuwahi kusikia historia nyingine kwa mtu yeyote. Basi. Unaweka sahihi."

"Hiyo si kweli," nikasema.

"Mama, mimi natafsiri tu."

"Basi tafsiri hiyo. Si kweli. Louisville nilisaini nyingine. Nikiwa na hadithi mbili, faili la mtoto wangu je? Muulize huyu Mzungu, faili la Riziki litakuwaje?"

Kamau akafungua mdomo kumgeukia Tansey. Pasta akamshika kiwiko. "Hilo usitafsiri," akasema, na Kamau, ambaye alisoma, ambaye alijua vizuri kwamba karatasi ya duka la hambaga na faili la serikali hazijawahi kukaa meza moja, akaangalia viatu vyake. Neno moja tu lingetosha. Alikuwa nalo mdomoni, akalimeza.

Pasta akachuchumaa mbele yangu, akaongea polepole kama anavyoongea na wafiwa. "Faida, mwanangu. Hadithi ya kwanza ni ipi? Kadi iliandikwa lini? Kabla yako. Verna alikwambia lini? Baada. Basi weye njo ulibadilisha. Ulisimama Westerville mbele ya watu ukasema hadithi ya pili. Sasa wanakupa nafasi urudi kwenye ya kwanza. Mahojiano ya mutoto ni Jumanne ya wiki ijayo. Barua ilifika. Unataka wakute nini?"

Ndivyo nilivyojua tarehe ya mtoto wangu. Aliitoa mfukoni kama peremende. Na mtego wake ulikuwa mzuri, nakiri, kwa sababu hakuujenga yeye. Aliukuta umo ndani yangu, tayari umetegwa tangu kambini, akafungua mlango tu. Kichwani mwangu nilimwona Mzee Bahati, jioni na alfajiri. Mapendo alishasaini, akasema kwa sauti, "Kama hambaga iko na baba, basi wampe baba yake, sisi tukule, bugali inakauka," na watu wakacheka, hata Tansey akacheka bila kuelewa. Nikachukua kalamu. Niliandika jina langu lote, herufi moja moja, kwa mwandiko wangu wa darasa la pili. Lilichukua muda mrefu. Nilikuwa na nafasi ya kusimama katika kila herufi.

Miaka mitatu baadaye, hapa Buffalo, nilikwenda kwenye ofisi inayosaidia watu kuomba uraia. Nikamwambia yule mama kwamba kabla hatujaanza nataka kukiri kuna karatasi ya hambaga nilisaini vibaya, nisije nikakamatwa kwa hadithi mbili. Akaniangalia. Akauliza tena. Kisha akamwita mwenzake, nikarudia, na wote wawili wakacheka, si kwa ubaya, wakaniletea maji. "Hakuna anayejua hiyo karatasi," alisema. "Hakuna aliyewahi kuijua." Nilikunywa yale maji yote. Riziki alikuwa ameshafika zamani. Mahojiano yake yalichukua dakika chache, walimuuliza jina la shangazi yake na rangi ya mlango wa shule. Leo ni mwanamke mzima, ananijibu kwa Kiingereza, ananunua King'ora na wenzake wa kazini, na akiniletea moja nasema nimeshiba. Pasta Zebedayo alipata Buffalo yake, akapata na kanisa lenye viti vya kukunja na kapeti. Tansey sijui aliko. Kamau alimaliza masomo. Verna aliambiwa kwa barua kwamba hata wale aliowafundisha kwa mkono wake hawamkumbuki, karatasi saba hizi hapa, na baada ya barua hiyo hakurudi tena jikoni.

Lakini kuna jambo moja ambalo hata Mapendo hajui, na ndilo lililonikalisha kuandika. Jumamosi iliyofuata ile Jumapili, siku tatu kabla ya mahojiano ya Riziki, Pasta alikuwa na semina Louisville, akatubeba wote tukaimbe kwaya. Saa ya chakula cha mchana nilitoka nikisema nakwenda msalani. Nilitembea mitaa tisa mpaka kwa Verna. Nyumba yake nilikuwa naijua, ndogo, ngazi za saruji, sufuria za maua zisizo na maua. Nilikwenda kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa Kiingereza, nikiyarudia kila hatua.

Alifungua mlango kabla sijagonga mara ya pili. Hakunikumbatia, wala hakunifukuza. Akasema, "Umekonda, mtoto. Ingia." Jikoni kwake meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za machungwa, redio ya kanisa inaimba chini chini. Karatasi saba zilikuwa pale mezani, zimepangwa sawasawa. Yangu ilikuwa juu. Akanikalisha mbele yake, akaanza kukata kitunguu, bila kuuliza kama nina njaa. Akawasha moto. Akaweka donge, akalikandamiza kwa mgongo wa sufuria ndogo, na ile harufu niliyoichukia Linden ikanijia kama harufu ya nyumbani. Nikasahau maneno yote niliyoyapanga.

Akageuza nyama, kisha akasema bila kunitazama: "Sikuulizi kwa nini. Najua kuna mtoto. Lakini hapa tuko wawili tu, na mlango umefungwa. Niambie ile historia. Nataka kuisikia kwa mtu mwingine mara moja, kisha nitanyamaza."

Redio ilikuwa inaimba. Nilifungua mdomo, na namwapia Mungu ile ya kweli ilikuwa pale, kwenye ulimi, na pasi yake na mlango wake. Nikamwona Riziki mbele ya meza kule Burundi, Jumanne, na mtu ana karatasi. Nikaogopa kuta. Nikaogopa redio. Nilikuwa nimesaini, na aliyesaini ana hadithi moja. Nikasema ile ya kadi, ambayo Kamau alikuwa ametukaririsha wiki nzima. Nilimwambia Verna, jikoni kwake, habari za bibi yake Haskett, na shamba, na jiko la kuni, na mtoto Haskett akitazama nyama nyembamba ikiiva juu ya vitunguu, na jinsi alivyokua akawalisha wafanyakazi kwa upendo. Niliisema yote. Sikukosea neno.

Alikuwa ameshaweka nyama kwenye mkate. Akamwaga mchuzi wa njano, akanisogezea sahani. Mikono yake ilibaki mezani, kila mmoja upande wake wa sahani yangu.

"Na nani alikufundisha wewe kuikandamiza?" akauliza.

"Bwana Haskett," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyesikia jibu alilolingojea. "Basi kula," akasema. "Inapoa."

Nikala. Alikaa ananiangalia mpaka nikamaliza. Ilikuwa tamu.